Kati ya Seli na Jirani Yake

Seli za mwili haziishi kila moja kivyake. Katika njia ya hewa, utumbo na ngozi zimepangwa ubavu kwa ubavu, na pale ubavu mmoja unapokutana na mwingine kuna viungio vya protini, kila kimoja na kazi yake. Karibu na uso wa juu, upande unaotazama hewa au chakula, kuna kiungio kibanaji: nyuzi za protini ziitwazo klaudini na okludini, zinazoziba upenyo kati ya seli mbili ili maji na chumvi visipite ovyo. Chini yake kuna kiungio shikizi, chenye kadherini na nektini, ambacho huzishikamanisha seli na kwa ndani hufungwa kwenye aktini, yaani nyuzi zinazoipa seli umbo lake. Chini zaidi ziko desmosomu, ambazo ndizo zinazoiwezesha ngozi kuvutwa bila kuchanika. Mbali na hizo, seli nyingi zina vijitundu vya mawasiliano vilivyojengwa kwa protini za koneksini. Kupitia hivyo, ayoni na molekuli ndogo hutoka seli moja hadi ya pili bila kukanyaga nje.

Kirusi hakizaliani popote isipokuwa ndani ya seli, na kikishazaliana kina tatizo moja: kuifikia seli ya pili. Kuelea nje ni hatari, maana huko ndiko ziliko kingamwili. Njia fupi ni pale seli zinapogusana, na ndiyo sababu orodha ya protini ambazo virusi huzishika ili kuingia imejaa majina ya protini za viungio. Kirusi cha homa ya ini aina ya C hutumia klaudini-1 na okludini. Baadhi ya adenovirusi, wanaoleta mafua na macho mekundu, hushika protini ya kiungio kibanaji, na wengine hushika desmogleini-2, ambayo ni sehemu ya desmosomu. Si bahati tu. Protini iliyoumbwa ili ikamatane na mwenzake wa seli jirani ina umbo linalopenda kushikwa, na kirusi hujifanya huyo mwenzake.

Katika teritwari ya Fizi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya Ziwa Tanganyika na milima inayopanda kuelekea Itombwe, jambo hili hukaa karibu na watu kwa namna mbili ambazo kwa kawaida hazitajwi pamoja: katika kifua cha mtoto mwenye surua, na katika jani la muhogo.

Surua

Wazazi wa Baraka, mji wa mwambao wa Fizi, hawahitaji maabara kuitambua surua. Huanza na homa, mafua, kikohozi na macho mekundu yanayokimbia mwanga. Siku chache baadaye vipele hutokea nyuma ya masikio na kwenye mpaka wa nywele, vikashuka usoni, kifuani na mwisho miguuni. Muuguzi akimfungua mtoto mdomo kabla vipele havijatoka, anaweza kuona ndani ya shavu, mkabala na magego, madoa meupe madogo sana juu ya wekundu. Hayo ni madoa ya Koplik, kwa jina la Henry Koplik, daktari wa watoto wa New York aliyeyaeleza mwaka 1896. Huonekana kwa siku moja au mbili, kisha hupotea.

Mwezi Juni 2019 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa surua uliokuwa umekwisha kusambaa nchini. Katika mwaka huo peke yake viliripotiwa visa vinavyoshukiwa 310,000 hivi na vifo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Wakati huohuo dunia ilikuwa inaitazama Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambayo mwishoni iliua watu wapatao 2,300. Mwisho wa mlipuko wa surua ulitangazwa Agosti 2020, lakini ugonjwa wenyewe haukuondoka. Sehemu kama Fizi zina kila kitu ambacho surua inakitaka: vijiji vya milimani na vya rasi ya Ubwari ambako chanjo hufika kwa taabu, barabara ya kutoka Uvira inayokatika wakati wa mvua, familia zinazohama vita na kurudi, na kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa wakimbizi wa Burundi, ambako watu wanaishi karibukaribu. Mgonjwa mmoja katikati ya watu wasio na kinga huambukiza watu 12 hadi 18. Magonjwa yanayofikia kiwango hicho ni machache sana.

Kinachoelezea sehemu ya kasi hiyo kimejificha kwenye kiungio shikizi.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kirusi cha surua huvutwa na pumzi, hutua juu ya seli za njia ya hewa na kuanza kuzaliana hapohapo, kama vifanyavyo virusi vya mafua. Maabara ilikataa. Kirusi kikimwagwa juu ya tabaka la seli za njia ya hewa zilizooteshwa, kwa upande unaoelekea hewa, karibu hakuna kinachotokea. Kikiwekwa upande wa chini, unaoelekea damu, seli zinaambukizwa vizuri. Sehemu ya kwanza ya jibu ilipatikana Japani mwaka 2000, watafiti walipoonyesha kwamba kirusi hushika CD150, protini iliyoko kwenye seli za kinga. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2011, vikundi viwili vya watafiti vilipoitaja nektini-4. Protini hiyo iko kwenye kiungio shikizi, chini ya kiungio kibanaji, mahali ambapo kirusi kinachotoka hewani hakiwezi kuifikia.

Basi safari inazunguka. Kirusi kikivutwa, hubebwa na seli za kinga zinazokaa katika mapafu hadi kwenye tezi za limfu. Huko huzaliana kwa wingi ndani ya seli nyeupe, huingia kwenye damu na kuenea mwilini. Takriban siku 10 tangu kuvutwa, seli nyeupe zilizoambukizwa hujipenyeza chini ya tabaka la njia ya hewa na kugusana na nektini-4. Surua haiingii kifuani kwa mlango wa mbele. Inaingia kwa mlango wa uani, na mlango wa mbele huutumia kutokea. Mtoto anapoanza kukohoa, kirusi kimekwisha kuzunguka mwili mzima, na kukohoa huko ndiyo hatua yake ya mwisho.

Juu ya chembe ya kirusi kuna protini mbili zinazofanya kazi pamoja. Moja, inayoitwa H, hushika CD150 au nektini-4. Ya pili, F, hukunjuka ghafla na kuvuta tando mbili hadi zikawa utando mmoja. Seli iliyoambukizwa hutengeneza H na F kwa ajili ya chembe mpya, na protini hizo huwekwa kwenye utando wake wenyewe. Kwa hiyo seli nzima hupata tabia ya kirusi: ikigusana na jirani mwenye CD150 au nektini-4, hizo mbili zinaungana. Jirani wa tatu akigusa, naye anamezwa. Matokeo yake ni seli kubwa moja yenye viini kumi, ishirini, hata zaidi ndani ya utando mmoja. Seli za namna hiyo zilionekana mwaka 1931 katika tonsili za watoto waliokuwa karibu kutoka vipele, na waliozieleza, Warthin huko Marekani na Finkeldey huko Ujerumani, walifanya hivyo bila kushirikiana. Mwaka 1954 Enders na Peebles walipofanikiwa kuotesha kirusi cha surua katika maabara, walitambua kwamba wamekipata kwa kuziona seli hizohizo chini ya darubini.

Katika njia ya hewa mambo ni ya ustadi zaidi. Huko seli haziyeyuki pamoja. Kila moja hubaki na umbo lake na nywele zake ndogo zinazosukuma makohozi, lakini kwenye ubavu, palipo na nektini-4, hufunguka vitundu. Rangi inayong'aa ikitiwa ndani ya seli moja iliyoambukizwa, huonekana ikivuja kwa majirani. Jenomu ya kirusi hupita hapo ikifuata nyuzi za aktini, bila kutengeneza chembe kamili na bila kutoka nje hata kidogo. Kwa njia hiyo kundi la makumi ya seli huambukizwa haraka, kingamwili zikiwa hazina la kushika. Baadaye kundi zima hung'oka kutoka kwenye tabaka na kukoholewa. Anachokirusha mtoto hewani si chembe za kirusi zilizo uchi pekee. Kuna pia vipande vya seli vilivyojaa kirusi. Hewa ya chumba alichokuwamo mgonjwa inaweza kuambukiza hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka.

Tabaka lililong'oka huacha kidonda, na bakteria hupata pa kuingilia. Hiyo ni sababu mojawapo ya nimonia inayoua watoto wenye surua. Sababu nyingine ni kuharibiwa kwa seli za kumbukumbu za kinga, zile zilizobeba CD150, kiasi kwamba mtoto aliyepona surua husahau kinga ya magonjwa mengine aliyokwisha kuyashinda.

Mara chache kirusi hutumia mawasiliano ya seli kwenda mbali zaidi. Nektini-4 ya seli ya njia ya hewa hushikana pia na nektini-1 iliyoko kwenye mishipa ya fahamu, na imeonekana maabara kwamba seli moja humeza kipande cha utando wa mwenzake pamoja na yaliyomo, yakiwemo ya kirusi. Kuna ugonjwa wa ubongo unaotokea miaka kadhaa baada ya surua, mara nyingi miaka saba hadi kumi, na karibu kila mara huua. Virusi vilivyopatikana katika ubongo wa wagonjwa hao vimebadilika: protini F inaunganisha tando kwa urahisi kupita kiasi, na uwezo wa kutengeneza chembe kamili umeharibika. Kirusi kimeacha kabisa kutoka nje. Kinapita kutoka seli hadi seli tu.

Dozi ya kwanza ya chanjo hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, na huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 hadi anapochomwa sindano. Chanzo chake cha awali ni kirusi alichotolewa mvulana aitwaye David Edmonston mwaka 1954, kikadhoofishwa kwa kuoteshwa mara nyingi katika seli za kuku. Kinga inayojengwa hukikuta kirusi mapema, kikiwa bado katika seli za kinga, kabla hakijafika kwenye mlango ule wa uani. Jambo la pembeni, lakini linastahili kutajwa: seli za saratani kadhaa, kama za matiti, mapafu na kibofu, zina nektini-4 nyingi, na madaktari wamekuwa wakijaribu kukitumia kirusi hicho cha chanjo kuzishambulia.

Utumbo na ngozi

Kuhara kunakoletwa na rotavirusi hufuata njia nyingine. Hapa kirusi hakihitaji kuungana na majirani ili kudhuru, inatosha kuwasumbua. Seli ya utumbo iliyoambukizwa hutengeneza protini ya kirusi inayovuruga kalsiamu ndani yake. Kisha seli hiyo huachia molekuli ya ADP, na majirani wenye kuipokea hushtuka: kalsiamu yao hupanda kwa mawimbi yanayosambaa mbali, ingawa wao wenyewe hawana kirusi. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 2020 na maabara ya Houston. Seli zilizoshtuliwa humwaga maji na chumvi. Wakati huohuo viungio vibanaji hulegea, na maji hupenya kati ya seli. Ndiyo maana sehemu ndogo tu ya utumbo ikiambukizwa, mtoto anaweza kukaukiwa maji kwa siku moja. Kipindupindu, ambacho mwambao wa Baraka unakifahamu mno, husababishwa na bakteria, na sumu yake hufanya kazi kwa njia tofauti. Hata hivyo bakteria huyo naye ana sumu ya pili, ndogo, inayolegeza viungio hivyohivyo.

Mwezi Septemba 2023, huko Kamituga katika teritwari ya Mwenga, inayopakana na Fizi, wagonjwa wa mpox walianza kuonekana kwa namna isiyokuwa ya kawaida. Tawi jipya la kirusi lilikuwa likipita kati ya watu kwa kugusana, kujamiiana kukiwemo. Mwaka uliofuata lilikuwa limefika Uvira na nchi jirani, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura. Virusi vya jamii hii vimechunguzwa zaidi kupitia vaksinia, ndugu yake aliyetumika kwa chanjo ya ndui. Chembe ikitoka kwenye seli, hubaki imenata juu ya utando, na chini yake seli husukuma mkia wa aktini unaoirusha kwa jirani. Katika chombo cha maabara, vaksinia husonga seli moja kwa kila saa moja na zaidi kidogo, ilhali kuzalisha chembe mpya huchukua saa tano hadi sita. Hesabu haikukubali hadi mwaka 2010, ilipoonekana kwamba seli iliyokwisha kuambukizwa huweka protini mbili za kirusi juu yake mapema, na chembe zaidi zikitua hapo hurushwa tena, kutoka seli hadi seli, mpaka zipate isiyo na mgeni. Zaidi ya hayo, seli hulegeza mshiko wake na kujiviringa. Upele wa mpox unaojaa maji ni, kwa sehemu, picha ya tabaka la ngozi ambalo seli zake zimeachana.

Seli nazo hutumia ukaribu wao kujilinda. Mwaka 2013 iligundulika kwamba seli inapokuta DNA mahali isipostahili kuwa, kama ile ya kirusi cha aina ya ndui, hutengeneza molekuli ndogo ya tahadhari inayopita kwenye vijitundu vya koneksini. Majirani huandaa kinga kabla kirusi hakijawafikia. Baadhi ya virusi hujaribu kuiziba njia hiyo ya tahadhari. Adenovirusi, kwa mfano, hupunguza koneksini katika seli wanazoziingia, na ni vigumu kudhani kwamba wanafanya hivyo bure.

Muhogo

Mimea haina kiungio shikizi wala kibanaji. Kila seli imezungukwa na ukuta wa selulosi, na kirusi hakiwezi kuunganisha tando za seli mbili zilizotenganishwa na ukuta. Badala yake seli za mimea zimeunganishwa na mifereji inayotoboa ukuta, iitwayo plazmodesmata, yenye upana wa nanomita 50 hivi. Sehemu kubwa ya upana huo imezibwa na mrija unaopita katikati, kwa hiyo nafasi iliyobaki hupitisha sukari na molekuli ndogo tu. Mmea ukihisi hatari, huziba midomo ya mifereji kwa kalosi, dutu iliyoundwa kwa sukari zilizofungamana.

Fizi hula muhogo. Ugali wa unga wake, sombe, yaani majani yake, iliyopikwa kwa mawese, na ndagala, samaki wadogo wa ziwani: hicho ndicho chakula cha nyumba nyingi kuanzia Baraka hadi Fizi juu. Jani lenye batobato, ugonjwa wa muhogo unaoletwa na kirusi, hujulikana haraka, kwa sababu lina mabaka ya manjano na kijani, limejikunja upande mmoja, na vidole vyake ni vyembamba na vifupi. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Unasambazwa na nzi weupe na kwa vijiti vya kupandia.

Kirusi chake kina vipande viwili vya DNA vya duara, kila kimoja kikiwa na herufi za kijenetiki 2,700 hadi 2,800 hivi. DNA hiyo ilisomwa yote mwaka 1983, kwa kirusi kilichotoka magharibi mwa Kenya, na mgawanyo wa kazi ukaeleweka. Kipande cha kwanza kina uwezo wa kujinakili. Kikiwa peke yake ndani ya seli, kinazaliana, lakini hakisambai. Kipande cha pili kina jeni mbili tu, na zote ni za usafiri: protini moja huitoa DNA ya kirusi ndani ya kiini, ya pili huipeleka kwenye plazmodesmata na kuipitisha. Kirusi kinachotumia nusu ya mali yake kwa ajili ya kupita kwa jirani kinaonyesha wazi jinsi mifereji hiyo ilivyo nyembamba. Kwa virusi vingine vya mimea, kama cha batobato la tumbaku, imepimwa kwamba protini ya usafiri huongeza ukubwa wa kinachoweza kupita mara kumi hivi. Vingine huita vimeng'enya vya mmea wenyewe viyeyushe kalosi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Uganda ilipata batobato kali kuliko lililozoeleka. Kirusi chake kilikuwa mchanganyiko wa viwili: cha Afrika Mashariki kilichochukua sehemu ya jeni ya kile cha kawaida cha Afrika. Mchanganyiko huo na kile cha kawaida vikikutana katika mmea mmoja, vinasaidiana, na mmea hubaki mfupi usio na mizizi ya maana. Janga hilo lilisambaa hadi mashariki mwa Kongo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ukafuata. Uliwahi kuelezwa Tanzania mwaka 1936, ukakaa pwani kwa miongo kadhaa, na mwaka 2012 uliripotiwa Kivu ya Kaskazini, kisha mimea iliyoathirika ikapatikana Kivu ya Kusini pia. Huu ni mbaya zaidi kwa mkulima kwa kuwa majani yanaweza kupendeza hadi siku ya kuvuna. Mzizi ukikatwa, ndani yake kuna kuoza kukavu kwa rangi ya kahawia, na kipande hicho hakiliwi wala hakisagwi. Katika jamaa za kirusi cha ugonjwa huu zilizochunguzwa zaidi, protini mbili hujipanga kama pembe kwenye mdomo wa mfereji na kupitisha jenomu kupitia katikati.

Kikishapita seli kadhaa, kirusi hufika kwenye mishipa inayobeba sukari, na kutoka hapo husombwa hadi mizizini na kwenye shina lote. Shina ndilo tatizo. Muhogo haupandwi kwa mbegu. Mkulima hukata shina la msimu uliopita vipande vya sentimita 20 hadi 30 na kuvizika, na asiyekuwa navyo huomba kwa jirani. Familia iliyorudi kutoka kambi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa, huanza shamba kwa vijiti vya kupewa. Kila kijiti huja na yaliyomo kwenye mishipa yake.

Kuna sehemu moja ya mmea ambako kirusi huchelewa: ncha kabisa ya chipukizi, kipande kisichofika nusu milimita. Hapo seli zinagawanyika kwa kasi na mishipa bado haijaungana nazo. Mmea ukiwekwa kwenye joto la nyuzi 36 hadi 38 kwa wiki kadhaa, kisha ncha hiyo ikakatwa chini ya darubini na kuoteshwa kwenye chupa, mara nyingi hutoka mche usio na kirusi. Mche huo huzidishwa katika vitalu na kurudi kwa wakulima kama vijiti. Ukiwa shambani, nzi mweupe mmoja anaweza kuurudisha ulikotoka, kwa hiyo kazi hiyo haina maana kubwa bila aina zinazostahimili.

Aina nyingi zinazostahimili batobato zinategemea sifa moja, CMD2, ambayo chanzo chake kiliripotiwa mwaka 2022: badiliko dogo katika kimeng'enya cha mmea cha kunakili DNA, ambacho kirusi nacho hukitegemea. Mifereji ya mmea kama huo iko wazi kama ya mwingine wowote. Nzi humwaga kirusi, majani machache ya mwanzo yanaweza kuonyesha mabaka, lakini nakala hazitoshi kwenda mbali, na majani yanayofuata hutoka safi. Dhidi ya michirizi ya kahawia sifa hiyo haisaidii, kwa kuwa jenomu ya kirusi hicho ni ya RNA na hainakiliwi kwa kimeng'enya hicho.